Nani Aliyeifunga Kamba?

Ikiwa nyumbani mwako mna mwanafunzi, mwite aketi karibu nawe, tena aje na kalamu na karatasi. Safu yetu leo inavuka mpaka kidogo. Tumezoea kukichambua Kiswahili hapa, lakini leo naomba ruhusa nizungumzie kijisehemu kimoja cha Kiingereza ambacho kimewatoa jasho wanafunzi wengi, na ambacho kilikaribia kumnyima mpwa wangu mshahara wa msimu mzima.

Nitaanza na kisa chenyewe, kwani somo lote limo ndani yake.

Mpwa wangu huyu ni mtoto wa dada yangu wa Malindi. Alipomaliza Kidato cha Nne alipata kibarua katika mashua moja ya kioo, zile zinazowapeleka wageni kutazama matumbawe na samaki katika hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu. Kazi yake ilikuwa kuwashika wageni mkono wasianguke, kuwagawia miwani ya kupigia mbizi, na kumsaidia nahodha kazi ndogo ndogo. Fedha alizokuwa akizipata zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi: karo ya chuo.

Siku moja wakaifunga mashua kwenye boya. Muda si muda kamba ikaachia, upepo ukaisukuma mashua, na mashine ikapiga mwamba ikavunjika. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini mwenye mashua alitaka maelezo kwa maandishi, tena kwa Kiingereza, kwa sababu yangepelekwa kwa watu wa bima. Nahodha ni mzee aliyeijua bahari tangu utotoni, ila kalamu haikuwa kazi yake. Basi kijana akaambiwa aandike yeye kwa niaba ya wote wawili.

Kijana akaandika ukurasa mzima. Katikati ya ukurasa huo mlikuwa na sentensi hii:

"Having tied the rope badly, I saw the captain going to sit at the back with the visitors."

Wiki moja baadaye akaitwa akaambiwa kwamba mshahara wake wa msimu utakatwa ili kulipia mashine. Alipouliza sababu, alionyeshwa karatasi yake mwenyewe, sentensi ile ikiwa imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. "Si umekiri mwenyewe?" akaulizwa.

Jioni hiyo simu yangu ikalia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti iko chini?"

"Mjomba, wanasema nimekiri. Wallahi mimi sikukiri kitu!"

Nikamwambia anisomee alivyoandika. Alipofika kwenye sentensi ile, nikanyamaza kidogo, kisha nikamwambia, "Mwanangu, pole. Umekiri."

UMBO LENYEWE

Sasa tuingie darasani. Kila mwanafunzi amewahi kuimba ule wimbo wa vitenzi vya Kiingereza: go, went, gone, eat, ate, eaten, tie, tied, tied. Lile umbo la tatu ndilo tunalolihitaji leo. Likitanguliwa na neno "having", unapata "having gone", "having eaten", "having tied". Kazi ya umbo hili ni kueleza tendo lililokwisha kukamilika kabla ya tendo jingine halijaanza.

Tazama mfano huu: "Having eaten, the fishermen pushed the boat into the water." Wavuvi walikula kwanza. Walipokwisha kula, wakaisukuma mashua majini. Matendo ni mawili, yamefuatana, na la kwanza lilikuwa limekwisha.

Wengi hulichanganya umbo hili na lile lingine la "-ing" peke yake. Kuna tofauti, na wewe uliyelelewa na Kiswahili unayo njia rahisi ya kuikumbuka. Hebu linganisha sentensi hizi mbili:

Akila, huzungumza.

Akishakula, huzungumza.

Mama yeyote anajua tofauti. Mtoto wa sentensi ya kwanza anazungumza tonge likiwa mdomoni, na huyo atakemewa. Mtoto wa sentensi ya pili amemeza, amenawa, ndipo anazungumza, na huyo ana adabu. Kwa hiyo, aghalabu "eating" inakaribiana na ile "-ki-" yetu, nayo "having eaten" inakaribiana na "-kisha-". Likumbuke tonge, hutakosea.

Jambo jingine la kulishika ni kwamba "having eaten" yenyewe haikuambii ni jana, leo au kesho. Wakati unaletwa na kitenzi kikuu kinachofuata. "Having eaten, he left": alipokwisha kula, aliondoka. "Having eaten, he will leave": akishakula, ataondoka. Umbo la Kiingereza halikubadilika hata kidogo, lakini Kiswahili kimelazimika kuchagua mara "alipokwisha", mara "akisha". Mwanafunzi anayetafsiri asidhani basi kwamba kila "having" ni "baada ya". Atazame kwanza mwisho wa sentensi, ndipo arudi mwanzo.

MTU AMEPOTELEA WAPI?

Sasa turudi kwa mpwa wangu, maana hapa ndipo mashua ilipopiga mwamba.

Nilimwomba aniambie kwa Kiswahili kile alichotaka kusema. Bila kusita akasema, "Alipokwisha kuifunga kamba vibaya, nilimwona nahodha akienda kuketi nyuma na wageni."

Hiyo ni sentensi inayoeleweka. Lakini tulitazame neno lake la kwanza: alipokwisha. Hiyo "a" iliyoko mwanzoni ni mtu. Inatuambia aliyefunga ni yeye, wala si mimi. Kama mfungaji angalikuwa msemaji, angalisema "nilipokwisha". Kitenzi chetu cha namna hii hakitoki nyumbani bila ya kumbeba mwenyewe mgongoni.

Kiingereza hapo kinafanya kinyume. "Having tied" haina "a" wala "ni" wala "wa". Haimtaji mtu yeyote. Imefunga kamba, lakini mfungaji hayumo. Basi msomaji wa Kiingereza atamtafuta wapi? Sheria yake ni moja: atamchukua mtu wa kwanza anayemkuta baada ya mkato, yaani kiima cha kishazi kikuu, na kumpa lile tendo. Katika sentensi ya mpwa wangu, baada ya mkato limekuja neno "I". Basi mimi ndiye niliyefunga, tena nimefunga vibaya, na ndipo nikamwona nahodha akienda zake.

Kijana alidhani anatoa ushahidi juu ya tendo la mwenzake, kumbe amejifunga mwenyewe kwa kamba ile ile.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, na ukiisahau yote mengine usiisahau hii: mtenda wa "having" na kiima cha kishazi kikuu ni mtu mmoja. Wakiwa wawili, usitumie umbo hili hivi hivi.

Wala tusiwacheke Waingereza, kwani nasi tuna mlango wa nyuma ambao mtu hupotelea. Mlango huo ni "baada ya ku-". Mara ngapi tumesikia mtu akisema, "Baada ya kufika stendi, basi lilikuwa limekwisha kuondoka"? Nani aliyefika stendi? Basi? Msikilizaji anakisia tu kwamba aliyefika ni msafiri. Katika mazungumzo haidhuru, lakini katika insha, katika barua rasmi na hasa katika maelezo ya polisi au mahakamani, kukisia hakutoshi. Sema "Nilipofika stendi", na mtu atakuwa amesimama mahali pake.

MIFANO YA KWETU PWANI

Ili somo likae, tuchukue mifano kutoka mwambao wetu wenyewe.

Kila mtoto wa Malindi ameiona nguzo ya Vasco da Gama. Mreno huyo alifika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498, mambo yakamwendea mrama, akang'oa nanga. Mwezi huo huo akafika Malindi, na sultani wa Malindi akampokea vizuri. Tukiandika, "Having left Mombasa, Vasco da Gama reached Malindi in April 1498", tumesema kweli. Aliyeondoka ni yeye, na aliyefika ni yeye. Lakini tazama hii: "Having quarrelled with Mombasa, the Sultan of Malindi welcomed Vasco da Gama." Sentensi hii inasema sultani ndiye aliyegombana na Mombasa. Ajabu ni kwamba hata hilo lina ukweli wake, kwani Malindi na Mombasa zilikuwa mahasimu wa siku nyingi. Lakini kama mwandishi alikusudia ugomvi wa Mreno, basi ameandika historia nyingine kabisa. Sarufi ikiwa sawa, maana inaweza kuwa siyo.

Huko Malindi Vasco da Gama alipewa rubani wa kumwonyesha njia, na mwezi wa Mei akafika pwani ya India. Hapa tunapata umbo la kutendwa: "Having been given a pilot in Malindi, he crossed the ocean to India." Yeye hakutoa, alipewa. Kwa hiyo "been" inaingia katikati. Kwa Kiswahili tunasema "Alipokwisha kupewa rubani" au "Baada ya kupewa rubani". Tazama jinsi "-w-" yetu ndogo inavyofanya kazi ya neno zima.

Mfano wa pili ni wa shujaa wetu Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 aliwaongoza Wagiriama kukataa amri za serikali ya kikoloni. Akakamatwa, akahamishwa hadi magharibi mwa Kenya, mbali na pwani. Mama huyo akatoroka, akarudi kwao kwa miguu. "Having escaped from detention, Mekatilili walked all the way back to the coast." Soma tena sentensi hiyo polepole. Kutoroka kumefungwa katika maneno machache mwanzoni, na nguvu yote ikaachiwa mwendo wa miguu. Hii ndiyo faida ya umbo hili likitumiwa vizuri: linalitanguliza tendo dogo ili tendo kubwa lipate nafasi.

Mfano wa tatu ni wa Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki. Miaka miwili baadaye, 1846, pamoja na mwenzake Rebmann, alianzisha kituo Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850, nayo kamusi yake ikatoka London mwaka 1882. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1881. Sasa mwanafunzi mmoja anaweza kuandika hivi: "Having died in 1881, Krapf's dictionary was published in 1882."

Nani amekufa? Kamusi! Kiima cha kishazi kikuu ni "Krapf's dictionary", na hicho ndicho kilichobebeshwa kifo. Nasi tunajua kwamba kamusi ile ilikuwa hai, ikasaidia kamusi nyingi zilizoifuata.

Utaitengenezaje? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kumpa "having" mtenda wake mwenyewe mbele yake: "Krapf having died in 1881, his dictionary was published without him in 1882." Hapa kila tendo lina mwenyewe. Umbo hili ni la vitabuni zaidi, lakini ni sahihi. Njia ya pili ndiyo nyepesi, na ndiyo ninayokushauri: achana na "having", useme "Krapf had died in 1881 when his dictionary was published in 1882", au ukate sentensi mbili. Hakuna mtahini atakayekunyima alama kwa kusema wazi.

SI KILA MARA NI WAKATI TU

Wakati mwingine "having" hubeba sababu kuliko mfuatano. Chukua mfano wa wafanya biashara wa ufuoni Malindi, ambako Wataliano wengi wamefika na wengine wakahamia. "Having sold to Italians for many years, she speaks their language well." Hapa ukitafsiri "Baada ya kuwauzia Wataliano miaka mingi", utaeleweka, lakini maana iliyokusudiwa ni "Kwa kuwa amewauzia Wataliano miaka mingi". Biashara yake ndiyo iliyomfundisha. Kwa hiyo ukiiona "having", jiulize: ni "lini" au ni "kwa nini"?

Ukanushaji nao una mahali pake. Neno "not" hutangulia: "Not having seen the rock, the boy did not shout." Kwa kuwa hakuwa ameuona mwamba, kijana hakupiga kelele. Ukianza na "having" ndipo ulete "not", sentensi inachechemea, na walimu wengi wataikosoa.

Tena kuna "having" nyingine isiyokuwa ndugu yake. "Having a boat, he did not need the ferry." Hapo hakuna tendo lililokamilika. Ni kuwa na kitu tu: kwa vile alikuwa na mashua, hakuihitaji feri. Dalili ni kwamba baada ya "having" limekuja jina la kitu, na lile umbo la tatu la kitenzi halipo.

Na kwa kuwa nimeitaja feri, wale wa rika langu mtanikumbuka. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, safari ya Mombasa hadi Malindi ilikuwa na kituo cha lazima pale kwenye mkono wa bahari. Magari yanapanga foleni, abiria wanashuka, korosho na madafu yananunuliwa, na jua linapanda. "Having waited for the ferry all morning, we reached Malindi in the afternoon." Aliyengoja ni sisi, aliyefika ni sisi. Sentensi iko salama, ingawa sisi tulikuwa tumechoka.

BARUA YA KAZI

Sasa wewe uliyemaliza shule na unayetafuta kazi hotelini, bandarini au ofisini, sikiliza kwa makini. Sentensi inayoharibu barua nyingi za maombi ni hii: "Having completed Form Four, kindly consider my application." Nani amemaliza Kidato cha Nne? Si mwombaji, maana hayumo. Baada ya mkato limekuja ombi la "kindly consider", na anayeombwa afikirie ni meneja. Kwa hiyo unamwambia meneja kwamba yeye ndiye aliyemaliza Kidato cha Nne! Huenda akacheka, huenda akaitupa barua kando na kuchukua inayofuata.

Andika hivi: "Having completed Form Four, I wish to apply for the post of receptionist." Aliyemaliza ni mimi, anayeomba ni mimi. Neno moja, "I", limekuingiza ofisini.

Nakuonya pia usilipende umbo hili kupita kiasi. Ni la maandishi zaidi kuliko mazungumzo. Mtu akikuuliza ulifanya nini jana, ukamjibu, "Having woken up, I bathed, having bathed, I took tea, having taken tea, I left", atadhani unasoma hotuba. Katika insha ya kurasa mbili, mara mbili au tatu zinatosha. Ni kama iliki katika chai: kidogo huleta ladha, nyingi humfanya mgeni aweke kikombe chini.

MWISHO WA KISA

Utaniuliza, kijana aliishia wapi?

Nilipanda gari nikaenda Malindi. Tuliketi barazani kwa dada yangu, tukaiandika upya ile karatasi. Sentensi yenyewe tuliigeuza hivi: "After the captain had tied the rope, I saw him go and sit at the back with the visitors." Kila tendo likapata mwenyewe.

Lakini kuna neno moja tulilibishania. Kijana alitaka neno "badly" libaki. Nikamwuliza, "Wewe ulikuwa wapi kamba ilipofungwa?" Akasema alikuwa mbele, akiwagawia wageni miwani. "Uliliona fundo?" Hakuliona. "Basi umejuaje kwamba lilifungwa vibaya?" Akanyamaza. Alijua tu kwamba kamba iliachia, akakisia mengine. Tukalifuta neno hilo.

Kesho yake tulikwenda kwa mwenye mashua, na nahodha naye akaitwa. Ndipo ikadhihirika kwamba mzee yule hakuwahi kusomewa karatasi ya kwanza. Aliambiwa tu atie kidole gumba chini yake, akatia. Niliposoma maelezo mapya na kuyatafsiri neno kwa neno, mzee aliinua kichwa akasema, "Kamba niliifunga mimi. Na fundo halikufunguka, kamba ndiyo iliyokatika. Nilikwisha kusema tangu mwanzo wa msimu kwamba imeoza."

Kamba ikaletwa. Fundo lilikuwapo, limekaza, na kipande kilichobaki kilikuwa kimechakaa mithili ya ufagio wa zamani.

Mwenye mashua hakusema mengi. Mshahara wa kijana ulilipwa wote, na nahodha yuko kazini hadi leo, na kamba ni mpya. Lakini tulipotoka nje, mpwa wangu hakuwa na furaha niliyoitarajia. Alimfuata mzee hadi chini ya mwembe, nikamwona ameinama, amemshika mkono. Baadaye aliniambia, "Mjomba, mimi nilikuwa nikilia kwamba sentensi imenionea. Kumbe kama ningaliiandika vizuri ile ya kwanza, ingalimwonea yeye."

Naam, msomaji wangu, hilo sikumfundisha mimi. Sarufi hutuonyesha nani amefanya nini, na lipi lilitangulia. Haituambii kama tuliona kweli au tulikisia. Hilo la pili ni letu wenyewe. Anayeandika kwa niaba ya mtu asiyesoma amebeba amana, naye akimaliza kuandika amsomee mwenyewe kabla hajamwomba kidole.

Basi kabla hujaiacha sentensi yoyote ya "having", jiulize maswali matatu. Je, tendo la kwanza lilikuwa limekwisha? Mtenda wa kwanza na wa pili ni mmoja? Na niliyoyaandika nimeyaona, au nimeyakisia?

ZOEZI LA JUMAPILI

Mwanafunzi, sentensi nne za kwanza huenda ni sahihi, huenda zina makosa. Zitengeneze palipo na haja. Ya tano itafsiri kwa Kiingereza. Wazazi nao wanaruhusiwa kujaribu.

1. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika kasri la mfalme wa Uchina. "Having travelled across the ocean from Malindi, the Chinese were amazed by the giraffe."

2. "Having been abandoned by its people, the forest covered the town of Gedi."

3. "Having eaten the mangoes, the children washed their hands."

4. "Having not paid the fare, the conductor told me to get off the matatu."

5. Akishamaliza kazi, dada hupumzika.

MAJIBU (usichungulie kabla hujajaribu!)

1. Kosa. Waliosafiri hapo ni Wachina, na twiga ametulia. Sema: "Having travelled across the ocean from Malindi, the giraffe amazed the Chinese."

2. Kosa. Watu waliuhama mji, hawakuuhama msitu. Sema: "Having been abandoned by its people, the town of Gedi was covered by the forest." Mji huo wa magofu, unaotembelewa na shule nyingi, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024.

3. Sahihi. Waliokula ndio walionawa, nasi tunawapongeza.

4. Makosa mawili. "Not" itangulie, na asiyelipa ni mimi, si utingo. Sema: "Not having paid the fare, I was told to get off the matatu."

5. "Having finished her work, my sister rests."

Ukipata zote tano, mwombe mzazi mahamri mawili. Ukipata tatu, moja linatosha. Ukipata chini ya hapo, soma tena kisa cha kamba, na usione haya, kwani hata aliyeandika safu hii aliwahi kuiua kamusi ya mtu.

Tukutane Jumapili ijayo, majaaliwa.